Mawazo ya mwaloni na meza za tabianchi

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa uliokuwa ukiendelea Dubai ulitenga siku nzima kuzungumzia afya. Huo ulikuwa mkutano wa 28, na jambo hilo halikuwahi kufanyika katika 27 iliyotangulia. Mkesha wake nchi 123 zilikuwa zimeunga mkono tamko la tabianchi na afya, na ndani ya tamko hilo afya ya akili ilitajwa kwa jina lake, pamoja na kupotea kwa riziki na utamaduni na watu kuhama makwao. Jumapili hiyo hiyo, mkoani Manyara, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafukia sehemu ya mji wa Katesh. Watu 89 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwa ajili ya mkutano huo, alikatisha safari akarudi.

Mambo hayo mawili yaliangukia siku moja kwa bahati tu. Lakini mtu wa Katesh aliyeamka Jumatatu hana mke wala watoto, tamko lile lilikuwa limfikie kwa njia gani? Nani alipaswa kulibeba kutoka Dubai, alipitishe ofisi gani, alilipie kutoka mfuko upi? Hapo ndipo mambo yanapojikunja. Nitajaribu kuyakunjua nikiwa huku Mwanza, kwa kuwa Ziwa Victoria nalijua kuliko mlima, na kwa kuwa madhara mengi ya ziwani huja kidogo kidogo na hayana tarehe ya kutangazwa kwenye taarifa ya habari.

Usiku ziwani

Tuanze na mvuvi wa dagaa. Kazi yake ni ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo siku hizo mitumbwi hupumzika, na mwezi ukifichama hutoka na karabai au taa za sola. Bahati mbaya, saa hizo ndizo za dhoruba. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, na pepo za kutoka pande zote za ziwa hukutana juu ya maji. Hewa yenye unyevu hupaa, mawingu ya radi yakajengeka, na kuelekea alfajiri ngurumo zikaanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na timu iliyoongozwa na Wim Thiery ulionyesha kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto, dhoruba kali za juu ya ziwa hili zitaongezeka nguvu kuliko za nchi kavu inayolizunguka. Na hata kabla ya kufika huko, makadirio yanayotajwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, ukijumlisha nchi zote tatu.

Si wote wanaopatikana. Mwili usipoonekana huanza msiba wa aina yake. Ndugu wanakusanyika, moto unawashwa, watu wanalala nje wakingoja mwili uelee. Usipoelea, matanga yanaanuliwa lini? Mke ahesabiwe mjane, au mke wa mtu aliye safarini? Watajitokeza wa kusema jamaa ameonekana upande wa Uganda, amebadili namba ya simu. Tajiri mwenye mtumbwi naye anauliza habari za nyavu zake. Mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani Pauline Boss ameishughulikia hali hii tangu miaka ya 1970, alipoanza na familia za marubani waliopotea vitani Vietnam. Anachoeleza ni kwamba anayengoja hivyo huonekana mgonjwa, ilhali kilichoharibika ni ile hali aliyotumbukizwa: haina mwisho, kwa hiyo huzuni nayo haipati pa kuishia. Sidhani kama kuna mahali Tanzania ambapo msiba wa namna hiyo ni jambo la kawaida kama visiwani na kwenye mialo yetu, yaani fukwe zinakoegeshwa mitumbwi.

Ufukweni kuna shida nyingine. Haina kilio, ila inagusa watu wengi zaidi. Wanawake wanaonunua dagaa wabichi kwa ndoo na kuwaanika mchangani, Igombe, Kayenze na visiwani, wanategemea jua la saa chache. Likiwaka, dagaa waliotoka majini alfajiri jioni wanaingia kwenye magunia, safari ya soko la Mwaloni Kirumba, na kutoka pale hata Kongo wanafika. Mvua ikiwakuta hawajakauka, wanavunda, na kilichokuwa kitoweo cha watu kinauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mtaji wenyewe mara nyingi ni wa kukopa: kikoba kwa mwenye bahati, kausha damu, mkopo wa riba kali, kwa asiye nayo. Marejesho ya wiki hayaulizi kama mvua ilinyesha. Mama aliyezoea kupangia biashara yake vuli na masika sasa anaanika huku macho yakiwa mawinguni. Usiku halali. Ukimuuliza anaumwa nini, atasema ana mawazo, kichwa kinagonga, presha inapanda. Zahanati atapewa dawa ya maumivu, na kwenye kitabu cha wagonjwa itaandikwa maumivu ya kichwa.

Sasa tusidanganyane. Samaki hawapungui kwa sababu ya joto la dunia peke yake. Kuna uvuvi uliopita kiasi, kuna makokoro, kuna gugu maji lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, kuna mbolea na maji taka yanayostawisha mwani. Joto linaongezea juu ya hayo: maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na oksijeni inapungua kilindini. Hata kufurika kwa mwaka 2020, kulikoingia kwenye nyumba na vyoo vya ufukweni, kuliyafikisha maji karibu na kiwango kilekile kilichokwisha kuonekana mwaka 1964. Mvuvi asiyelala ana sababu tano. Tabianchi ni mojawapo, au tuseme ndiyo inayozikaza hizo nne nyingine. Wajumbe wa nchi tajiri wanaujua utata huu vizuri sana na huutumia, maana pasipo sababu moja iliyo wazi hapana wa kulipa.

Ilivyoingia kwenye karatasi

Mkataba wa kwanza wa tabianchi, wa mwaka 1992, ulipoeleza maana ya madhara ulitaja afya na ustawi wa binadamu. Mkataba wa Paris wa 2015 ukataja haki ya afya kwenye utangulizi wake. Akili haikutajwa kokote. Ulitakiwa uelewe mwenyewe kwamba imo ndani ya afya, na kwa uzoefu wa serikali zetu na za wengine, kisichotajwa hakipangiwi fedha.

Mlango mwingine ulifunguka kupitia madai ya hasara na uharibifu. Nchi za visiwa na nchi maskini zilisema kwa miaka mingi kwamba yapo madhara ambayo huwezi kuyazuia wala kuyazoea, na lazima pawe na wa kuyabeba. Mwaka 2013, Warsaw, kikaundwa chombo cha kushughulikia madai hayo, na wataalamu wakazigawa hasara mafungu mawili. Moja ni la vitu vyenye bei sokoni: mtumbwi, shamba, daraja. Jingine ni la visivyo na bei: uhai, afya, ardhi ya mababu, mila, ujuzi wa vizazi. Hili la pili huitwa hasara zisizo za kiuchumi, na msiba usio na mwili ni wa huko. Mfuko wenyewe ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ukaanza kuahidiwa fedha Dubai mwaka uliofuata, na Novemba 2025, Belém nchini Brazil, ukaita maombi ya kwanza: dola milioni 250 kwa nchi zinazoendelea zote. Zigawanye upendavyo, hazitoshi.

Mwaka 2022 huohuo, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, liliandika kwa kiwango cha juu kabisa cha uhakika kwamba mabadiliko ya tabianchi yamekwisha kudhuru afya ya akili ya watu katika maeneo yaliyochunguzwa: kupitia joto, kupitia kiwewe cha majanga, na kupitia kupotea kwa riziki na utamaduni. Soma tena maneno "maeneo yaliyochunguzwa". Ambako hakuna aliyekwenda kuchunguza, hakuna kinachosemwa.

Kisha Juni 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa waraka wake wa sera. Kati ya nchi 95 zilizoulizwa mwaka 2021, ni 9 tu zilizokuwa zimeweka msaada wa afya ya akili na kisaikolojia kwenye mipango yao ya afya na tabianchi. Namba hiyo ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote katika habari hii, kwa sababu inahamisha lawama. Tumezoea kunyooshea kidole kumbi za Ulaya na Uarabuni. Tisa kati ya 95 ni habari ya nyumbani.

Anayeomba ndiye anayepewa

Wengi hudhani COP, yaani ule mkutano wa tabianchi wa kila mwaka, ni mahali fedha zinapogawanywa. Sivyo. COP hupitisha maneno: malengo, kanuni, orodha za viashiria. Fedha hutoka kwenye mifuko, na mifuko husoma andiko la mradi ikililinganisha na hati ambazo nchi yenyewe imeziandika: mchango wa taifa chini ya Mkataba wa Paris, mpango wa taifa wa kuhimili, mikakati ya sekta. Jambo lisipokuwemo kwenye hati hizo, mwandishi wa mradi hana pa kulishikiza, hata kama ana huruma ya malaika.

Mfano upo jirani. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa Simiyu, kupitia KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani, ili maji ya Ziwa Victoria yafikishwe kwenye miji na vijiji vya mkoa ule unaosumbuliwa na ukame. Ni mradi mzuri, sina ubishi nao. Mradi wa namna hiyo huhesabu mabomba, matangi na kaya zilizopata maji. Lakini mama aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kuwahi lambo, akiogopa fisi na akiogopa watu zaidi ya fisi, bomba likifika jirani anatua hofu ya miaka mingi. Faida hiyo haina safu yake kwenye jedwali. Isipohesabiwa kwenye mradi huu, unaofuata hautaiomba.

Kwa nini haiandikwi? Sababu kubwa ni ya kiofisi na haina mvuto hata kidogo. Tabianchi kwa miaka mingi imekaa Ofisi ya Makamu wa Rais. Magonjwa ya akili yako Wizara ya Afya. Ustawi wa jamii una wizara yake, na wavuvi wana yao. Mjane wa kisiwa cha Ukara asiye na kaburi la mumewe anahitaji wizara nne zikae meza moja, na hakuna hata moja itakayoulizwa bungeni kwa kutokukaa.

Sababu nyingine inayotolewa ni kwamba akili haipimiki. Ubishi wa vipimo ni mkali kweli: Belém vilipitishwa viashiria 59 vya kupima namna nchi zinavyohimili, ni vya hiari, na Kundi la Afrika lilikuwa limeomba muda zaidi wa kuvifanyia kazi. Lakini kupima sonona si ugeni huku. Dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9 lina Kiswahili chake na limetumika kwenye tafiti Tanzania na Kenya. Linamuuliza mtu habari za wiki mbili zilizopita: amelalaje, anakulaje, ana nguvu, ana hamu ya chochote. Muuguzi aliyefundishwa humaliza kwa dakika chache.

Swali la tisa, hata hivyo, linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru, na hapo tunagonga ukuta ambao haukujengwa Dubai wala Belém. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nani atamjibu ukweli karani wa serikali kwa jambo linaloweza kumpeleka polisi? Ng'ambo ya ziwa, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Kwa hiyo wavuvi wawili wanaovua maji yaleyale, wakiulizwa swali moja, mmoja ana sababu ya kusema uongo na mwenzake hana. Atakayelinganisha takwimu zao atapata picha potofu, na potofu kwa hasara yetu.

Hatari ya kuufanya umaskini ugonjwa

Nina wasiwasi pia na upande wa watetezi wenyewe. Utafiti unaonukuliwa sana, wa mwaka 2021, uliwauliza vijana 10,000 wa nchi 10 wanavyojisikia kuhusu tabianchi. Karibu watu 6 kati ya 10 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno. Afrika iliwakilishwa na Nigeria peke yake. Ni kazi ya maana, ila hofu iliyopimwa pale kwa sehemu kubwa ni ya dunia itakavyokuwa. Mchuuzi wa Kirumba anaihofia Jumatano, siku ya marejesho. Sera ikiandikwa kwa kumfikiria yule kijana wa kwanza, itamletea huyu mama semina.

Naiona kabisa ikitokea. Mfuko unatoa fedha, shirika linaajiri washauri nasaha, mama anapata vikao vitatu, ripoti inaandikwa. Dagaa wanaendelea kuoza mchangani. Mama aliyepewa mshauri bila kupewa chanja ya kuanikia atakuwa ameelewa vizuri zaidi kwa nini halali usiku, basi. Chanja iliyoinuliwa, ambako hewa inapita juu na chini na turubai inafunikwa mvua ikija, hukausha haraka na dagaa hawashiki mchanga. Kwangu mimi hiyo ni sera ya afya ya akili. Utabiri wa hali ya hewa unaomfikia mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi ni sera ya afya ya akili, kwake na kwa mkewe aliyebaki kitandani akisikiliza radi. Mradi wa HIGHWAY, ulioendeshwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na mamlaka za nchi za ziwa kati ya 2017 na 2021, ulithibitisha kwamba tahadhari za namna hiyo zinawezekana ziwani. Kinachodaiwa ni kwamba kazi kama hizo ziseme wazi, tangu kwenye andiko, kwamba zinakusudia pia kupunguza hofu, kisha zipimwe kwa hilo.

Huduma zenyewe hazikwepeki, maana wapo ambao chanja haitawatosha. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, ina wataalamu wa magonjwa ya akili, lakini mtu wa Ukara anavuka kwa kivuko hadi Bugorora, anapanda gari hadi Nansio, kisha meli hadi Mwanza, na akifika kuna foleni. Na akirudi salama, kijijini anaweza kuitwa wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, maisha yake yote. Zimbabwe walikwepa njia hiyo ndefu. Kuanzia mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kulichambua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipungukiwa dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa aina hiyo tunao. Wamo kwenye vikoba, kwaya na kamati za mwalo, na tayari ndio wanaoitwa mtumbwi usiporudi.

Kalenda ya karibu

COP31 ni Antalya, Uturuki, mwaka 2026, na COP32 ni Addis Ababa mwaka 2027. Ya Addis ndiyo ya kulenga. Kundi la Afrika huingia kwenye mazungumzo na msimamo mmoja, na msimamo huo hupikwa mapema, kwenye vikao ambavyo magazeti hayaendi. Atakayefika Addis ndipo aanze kusambaza vipeperushi vya afya ya akili atakuwa amechelewa mwaka mzima.

Nchi tatu za ziwa zinaweza kuingia zikiwa na kitu mkononi. Zina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Hili la pili huratibu sensa ya uvuvi iliyoanza mwaka 2000, ambamo wahesabuji hupita mwalo kwa mwalo wakihesabu mitumbwi, injini, nyavu, ndoano na wavuvi. Nauli ya kuwafikisha watu hao Ukara, Kome na Goziba tayari imo kwenye bajeti. Wakiongezewa ukurasa mmoja wa maswali tisa, na swali la kumi kuhusu watu wangapi hawakurudi tangu sensa iliyopita na wangapi kati yao walizikwa, Tanzania, Kenya na Uganda zingekuwa na takwimu za kuambatanisha kwenye ombi la hasara zisizo za kiuchumi. Sharti ni moja: atakayekiri mawazo ya kufa kwenye swali la tisa awe na mtu wa kumpokea siku hiyohiyo, pale pale mwaloni, na asiwe polisi.